Civitavecchia Si Roma: Kwa Anayepanda Meli ya Kitalii Mediterania Mara ya Kwanza

Kwenye tangazo la meli ya kitalii, "Roma" huandikwa kwa herufi kubwa na "Civitavecchia" kwa herufi ndogo. Kati ya hayo mawili kuna kilomita sabini na kitu. "Florence" nayo hufuatwa na "Livorno", na hapo kuna kilomita zinazokaribia 90. Bandari ni bandari, mji ni mji, na saa za kukaa nchi kavu ni za kuhesabu. Kwa wengi haya ni mapumziko mazuri kwa bei isiyotisha, na kinachomharibia mgeni safari mara chache huwa bahari. Huwa ni viza ya aina isiyofaa, bili asiyoitarajia, au saa aliyoisoma vibaya akiwa mbali na gati.

Safari ya kawaida ni ya usiku 7. Upande wa magharibi meli huzunguka Barcelona, Marseille, Genoa au Savona, Civitavecchia, Napoli au Palermo, kisha hurudi ilikoanzia. Upande wa mashariki huanzia Piraeus, bandari ya Athens, ikapita Mykonos, Santorini, Rhodes na Kusadasi ya Uturuki. Ile picha ya zamani ya meli kubwa ikipita mbele ya uwanja wa San Marco mjini Venice isahau: tangu Agosti 1, 2021 meli kubwa haziruhusiwi kupita mfereji wa Giudecca, na tiketi iliyoandikwa Venice inaweza kukupandishia Marghera, Trieste au Ravenna. Kutoka Ravenna hadi Venice ni basi la saa mbili na zaidi.

Tuanze na karatasi. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, hii ni safari ya viza ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya zinazohesabiwa kama eneo moja mipakani, hata kama usiku wote atalala majini. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usingoje hadi hizo siku 15, maana uamuzi wenyewe huchukua siku 15 na unaweza kufika 45, na karibu na kiangazi cha Ulaya nafasi za miadi hujaa. Anayeishi Muscat, Dubai au London kwa kibali halali huomba huko huko anakoishi.

Ubalozi upi? Hapa wengi huteleza. Kinachoangaliwa ni nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, hata kama ndege yako inatua kwingine. Tuseme unatua Barcelona na kulala hapo kabla ya kupanda, meli inapita Marseille, kisha Genoa, Civitavecchia na Palermo, unakoshuka kurudi nyumbani. Italia ina siku 3, Hispania 2, Ufaransa 1: ombi linakwenda Italia. Siku zikilingana, ndipo hutazamwa nchi utakayoingia kwanza.

Kosa la pili lina hasara kubwa zaidi. Viza ya kuingia mara moja huisha kazi unapotoka eneo la Schengen. Meli ikiondoka Rhodes kwenda Kusadasi, umetoka. Ikirudi Piraeus, unaingia upya. Ndivyo ilivyo pia kwa Kotor ya Montenegro na bandari za Tunisia. Dubrovnik haina tatizo, kwa sababu Croatia imo Schengen tangu Januari 1, 2023. Mezani pa kupandia melini, viza yako hulinganishwa na ratiba nzima. Aliye na viza ya mara moja kwenye ratiba yenye Uturuki huachwa gatini, na nauli yake hairudi. Kwa hiyo kwenye fomu jaza "kuingia mara nyingi", ambatisha ratiba ya meli yenye tarehe za kila bandari, na eleza kwa barua fupi kwa nini unahitaji kuingia zaidi ya mara moja. Uturuki, Tunisia na Montenegro zina masharti yao wenyewe, na mengine hulegezwa kwa abiria wa meli; iulize kampuni kwa maandishi, ukitaja uraia wako, na ulitunze jibu.

Bima ya safari inayotakiwa na ubalozi ni ya euro 30,000 au zaidi. Lakini ile ya bei ya chini kabisa inayouzwa karibu na ofisi za viza hutosheleza ubalozi tu. Soma kama inataja safari ya meli, gharama za kumtoa mgonjwa majini, na kukosa meli kwa sababu ya ndege iliyochelewa. Na usilipe nauli yote kabla viza haijatoka: weka amana ya aina inayorudishwa, au isiyoumiza ikipotea, kwa sababu kadiri tarehe inavyokaribia ndivyo kampuni inavyobakiza sehemu kubwa zaidi ya pesa yako ukighairi. Mjamzito naye aulize mapema, kwani kampuni nyingi hazimpokei atakayekuwa amefikisha wiki ya 24 kabla safari haijaisha.

Sasa hesabu. Chukua mfano wa tangazo la euro 600 kwa usiku 7. Kwanza, hiyo ni bei ya mtu mmoja katika chumba cha watu wawili. Anayesafiri peke yake anaweza kutozwa karibu mara mbili. Ongeza kodi za bandari, tuseme 150. Ongeza ada ya huduma, ambayo ni bakshishi iliyowekwa kwenye bili bila kuulizwa. Kwa euro 12 kwa usiku, ni 84. Umeshafika 834 hujanywa hata soda. Kifurushi cha vinywaji, intaneti, usafiri wa kutoka bandarini hadi mjini na tiketi za kuingia kwenye magofu huweza kuongeza mia 3 au 4 nyingine. Juu ya hapo kuna ndege, viza, bima na usiku mmoja wa hoteli. Mtu akipanga bajeti yake kwa mara mbili ya bei ya tangazo, mbali na ndege, hatashtuka sana.

Kifurushi cha vinywaji kifanyie hesabu kabla ya kukinunua. Asiyekunywa pombe ni nadra kurudisha pesa yake kwenye kifurushi kikubwa, na baadhi ya kampuni hulazimisha watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue. Chai, kahawa ya kawaida na maji ya mashine kwenye bufee huwa bure. Mezani kwenye mgahawa, kampuni za Ulaya nyingi huuza maji kwa chupa. Maji ya bomba melini husafishwa kutoka baharini au hupakiwa bandarini, hutiwa dawa na yanafaa kunywa. Beba chupa yako tu.

Melini hakuna pesa taslimu. Unapewa kadi ambayo ni ufunguo wa chumba, kitambulisho na pochi kwa pamoja, na nyuma yake imesajiliwa kadi yako ya benki. Kampuni hushikilia kiasi fulani kwenye akaunti tangu siku ya kwanza. Kwa kadi ya mkopo hutahisi lolote. Kwa kadi ya kawaida ya akaunti, pesa hiyo haigusiki, na inaweza kukaa hivyo siku kadhaa baada ya kushuka. Kadi za kulipia kabla mara nyingi hukataliwa. Asiye na kadi inayokubalika huweka amana ya taslimu mapokezi na kuongeza inapokwisha. Iarifu benki yako nchi utakazopita, la sivyo muamala wa kwanza Barcelona unaweza kuzuiwa. Na mashine ya pesa ya Ulaya ikikuuliza kama ukatwe kwa shilingi au kwa euro, chagua euro. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilisha, na hakipangi kwa kukuhurumia.

Kuhusu chumba, jambo la kuangalia kwanza ni mahali kilipo kwenye mchoro wa meli, kabla hata ya kufikiria dirisha. Meli hucheza kama pembea ya ubao: wa katikati hutikisika kidogo, wa kwenye ncha ndio wanaorushwa juu na chini. Anayeogopa kulevywa na bahari achukue chumba cha katikati, sitaha za chini. Kisha tazama kilicho juu na chini yake. Chumba kilicho chini ya bufee husikia viti vikiburutwa tangu saa 11 alfajiri; kilicho juu ya ukumbi wa muziki hakilali kabla ya saa 7 usiku. Usalama wa usingizi ni kuwa na sitaha ya vyumba juu yako na nyingine chini yako. Vyumba vya ndani visivyo na dirisha ndivyo rahisi kwa bei na giza lake ni totoro. Washa chaneli ya televisheni inayoonyesha kamera ya mbele ya meli bila sauti, utajua kumekucha. Roshani ni tamu, lakini kwa ratiba ya magharibi inayoshusha watu karibu kila siku, unaikalia kidogo kuliko unavyoilipia. Ukitaka kuitumia pesa hiyo vizuri zaidi, inunulie siku ya mwongozaji Pompeii.

Fika mji wa kupandia siku moja kabla. Safari za kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe hupitia Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul, na ndege moja ikichelewa mnyororo wote unakatika. Mipakani nako kumebadilika: tangu Oktoba 12, 2025 nchi za Schengen zilianza mfumo wa kuandikisha wageni kwa kompyuta na picha ya uso badala ya muhuri, na foleni za viwanja vya ndege zimekuwa na siku zao mbaya. Meli haisubiri ndege. Mlango wa kupandia hufungwa saa moja au saa moja na nusu kabla ya kung'oa nanga.

Siku ya kupanda, begi kubwa hufungwa lebo yenye namba ya chumba na kukabidhiwa wapagazi gatini. Litafika mlangoni pako, lakini pengine jioni. Kwenye begi la mkononi weka pasipoti, dawa, chaja, nguo ya kubadilisha na ya kuogelea. Begi lako hupita kwenye mashine ya eksirei, na vitu viwili vinavyowaponza watu wa kwetu ni pasi na birika la umeme. Huchukuliwa na kurudishwa mwisho wa safari, pamoja na mishumaa, ubani wa kuchoma na kebo nyingi za kuongezea soketi. Moto ndio adui mkubwa wa meli. Soketi za vyumbani ni za pini mbili za duara za Ulaya, na mara nyingi za Kimarekani; plagi ya pini tatu tuliyoizoea Afrika Mashariki haiingii. Nunua adapta nyumbani. Ile ya dukani melini utailipia mara kadhaa.

Kabla meli haijaondoka kuna zoezi la usalama, na ni la lazima kwa kila abiria. Usilione kama kero. Mnamo Januari 13, 2012 meli Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 walikufa. Baadhi ya abiria walikuwa wamepanda siku ile ile na hawakuwa wamefanya zoezi, kwa sababu kanuni za wakati huo ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Baadaye kanuni za kimataifa zilibadilishwa: zoezi lifanyike kabla ya kuondoka au mara baada ya hapo. Mambo matatu ya kushika: honi fupi saba na moja ndefu ndiyo ishara ya dharura, namba ya kituo chako cha kukusanyikia imeandikwa kwenye kadi au nyuma ya mlango wa chumba, na jaketi la kuokolea limo kabatini, au utapewa kituoni. Tembea kutoka chumbani hadi kituo hicho mara moja kwa ngazi, bila lifti. Dakika tano tu.

Chakula ni kingi kupita kiasi, na kwa Mwislamu kinataka macho. Nyama ya nguruwe ipo kila mahali, hasa asubuhi na kwenye pizza, na haijifichi. Kinachojificha ni divai kwenye mchuzi, jelatini kwenye vitamutamu, na koleo moja linalotumika sinia mbili. Nyama ya ng'ombe na kuku kwenye meli za kawaida si lazima ziwe halali. Andikia kampuni wiki kadhaa kabla, kisha siku ya kwanza umwone msimamizi wa mgahawa umwambie tena ana kwa ana, maana maelezo ya kwenye kompyuta hayafiki jikoni kila mara. Wasiopata uhakika hushikilia samaki, mayai na mboga kwa wiki nzima, na hawashindi njaa.

Kibla melini hakitulii, kwa kuwa meli yenyewe inageuka. Kwa bahari hii yote Makka iko kusini-mashariki, ikielekea zaidi mashariki ukiwa Barcelona na zaidi kusini ukiwa Ugiriki. Ile chaneli ya televisheni yenye ramani huonyesha meli inaelekea wapi, na dira ya simu karibu na kuta za chuma hudanganya. Jambo jingine la kumshangaza mtu wa ikweta: katikati ya Julai jua la Roma huzama karibu saa 2:45 usiku, na la Barcelona saa 3 na zaidi. Anayekula zamu ya kwanza ya chakula cha jioni atakuwa amemaliza kabla ya magharibi. Wa zamu ya pili anaweza kukuta adhana na supu vimegongana.

Kwenye safari ya wiki huwa na jioni moja au mbili za kuvaa rasmi. Huhitaji suti ya kukodi. Kanzu na koti, au gauni zuri la kitenge, ni vazi rasmi kamili, na utaombwa picha.

Kulevywa na bahari ni kidogo kiangazi, ila kuna pepo mbili za kuzijua: mistral inayoshuka kutoka Ufaransa na kuchafua Ghuba ya Lion, kati ya Marseille na Barcelona, na meltemi inayovuma bahari ya Aegean hasa Julai na Agosti. Dawa kama sinarizini hufanya kazi ikimezwa kabla, mtu akiwa bado mzima. Ukishaanza kutapika umechelewa. Inaleta usingizi, kwa hiyo mwulize mfamasia, hasa ukiwa na dawa nyingine. Tangawizi, biskuti kavu na kutazama upeo wa macho husaidia. Kulala kifudifudi ukisoma simu huzidisha. Ugonjwa wa kuhara na kutapika unaosambaa melini ni jambo jingine kabisa. Virusi vyake havijali sana jeli ya mikono ya spiriti, vinaondolewa kwa sabuni na maji, na anayeugua hufungiwa chumbani. Daktari yupo, na bili yake huingia kwenye akaunti yako papo hapo. Omba risiti na ripoti kwa ajili ya bima.

Simu iweke kwenye hali ya ndegeni kabla gati halijapotea machoni. Meli ina mtandao wake wa simu wa setilaiti, na simu yenye romingi hujiunga nao yenyewe; dakika chache za data hapo zimewahi kuwatoa watu bili za kutisha. Kifurushi cha intaneti cha meli nunua kabla ya safari, huwa nafuu kidogo. Ukiwa nchi kavu, laini ya kidijitali ya Ulaya hutumika Hispania, Ufaransa, Italia na Ugiriki bila kubadilisha. Uturuki mara nyingi haimo.

Na sasa bandarini, penye utamu na patashika zote.

Kanuni ni moja: panga siku kuanzia mwisho. Tuseme Civitavecchia meli inaondoka saa 1:00 usiku, na ratiba inasema wote wawe ndani saa 12:30 jioni, yaani 18:30 kwenye karatasi yao. Asiyezoea saa za namba 24 aziandike zote mbili kwenye kipande cha karatasi akae nacho. Lenga treni ya kuondoka Roma saa 9:30 alasiri, ili ikifutwa, ile inayofuata na ile ya baada yake bado zikuokoe. Maana yake Roma unayo kwa saa sita hivi, na saa sita zinatosha Vatican pamoja na mtaa mmoja wa mji, au Colosseum pamoja na chemchemi ya Trevi. Vyote havitoshi. Anayevikimbilia vyote huiona Roma kupitia dirisha la teksi.

Njia yenyewe: ukishuka melini, kutembea ndani ya bandari hakuruhusiwi sehemu nyingi, kuna basi la bure hadi Largo della Pace nje ya geti. Kutoka hapo stesheni iko mwendo wa miguu wa dakika 20 hivi kando ya bahari, au basi dogo la mji. Panda treni ya mkoa. Kwa Vatican shuka Roma San Pietro, baada ya kama dakika 50, usiende hadi Termini, stesheni kuu. Tiketi ya karatasi ina mtego: kabla ya kupanda ni lazima uigonge kwenye kimashine kilichobandikwa ukutani au kwenye nguzo karibu na reli. Unaisukuma ncha ya tiketi kwenye tundu hadi mwisho, unasikia mlio, inatoka na tarehe na saa. Kama wino hauonekani, jaribu mashine nyingine. Mkaguzi akikukuta na tiketi uliyoilipia lakini haikugongwa, anakuandikia faini, na kusema wewe ni mgeni hakumpunguzii kasi.

Angalia pia migomo, kwa kuwa Italia huitangaza mapema. Siku ya kazi yenye mgomo, treni za mkoa zinazohakikishwa ni za saa 12 hadi 3 asubuhi na saa 12 jioni hadi 3 usiku. Utaenda vizuri, ila kurudi treni ya uhakika inaanza wakati wewe unatakiwa uwe ngazini. Siku hiyo nunua ziara ya meli au ubaki Civitavecchia.

Vatican ina ratiba zake. Makumbusho hufungwa Jumapili nyingi. Jumatano asubuhi, Papa anapokutana na waumini uwanjani, kanisa la Mtakatifu Petro huwa halifikiki hadi baadaye. Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake. Kanga moja begani humaliza kazi. Tiketi za makumbusho na Colosseum hununuliwa mtandaoni, kwa saa maalumu, wiki kadhaa kabla.

Napoli ni kinyume cha Roma: meli hufunga katikati ya mji, unatoka getini ukitazamana na ngome. Pompeii hufikiwa kwa treni ya Circumvesuviana kutoka stesheni ya Garibaldi hadi kituo cha Pompei Scavi, chini ya dakika 40, na geti liko hatua chache kutoka kituoni. Tangu Novemba 15, 2024 wageni wamewekewa ukomo wa 20,000 kwa siku na tiketi huandikwa jina, kwa hiyo beba kitambulisho. Mji ule uliozikwa na majivu mwaka 79 hauna kivuli. Julai mawe yake huwaka. Beba maji lita moja na nusu kila mtu, kofia, na viatu vya soli ngumu, kwa sababu barabara zake ni za mawe makubwa yasiyo sawa. Treni yenyewe hujaa na wachomoaji wanaijua ratiba ya meli kuliko wewe. Barcelona, kwenye barabara ya La Rambla, ni hivyo hivyo: mtu akikumwagia kitu begani na mwenzake akaja na kitambaa cha kukufuta, shika begi lako kwanza. Pasipoti ibaki melini kwenye kasha la chumbani kama nchi hiyo haidai uibebe. Chukua nakala na kadi ya meli.

Santorini haina gati la meli kubwa. Meli hukaa majini na boti ndogo huwapeleka watu hadi bandari ya zamani chini ya jabali, na juu yake uko mji wa Fira. Namba za boti hugawiwa asubuhi, wa ziara za meli hutangulia. Kutoka chini kuna njia tatu: gari la kamba lenye foleni, ngazi karibu 600, au punda, ambao hutumia ngazi hizo hizo na kuziacha zenye utelezi na harufu. Kupanda kwa gari la kamba na kushuka kwa miguu ni mpango wa wengi, ila ukivaa ndala utajuta. Foleni ya kushuka jioni ndiyo inayowanasa watu: meli tatu zikiwapo, inaweza kuzidi saa nzima. Shuka saa mbili kabla ya boti ya mwisho. Tangu Julai 2025 Ugiriki hutoza abiria wa meli euro 20 Santorini na Mykonos msimu wa kiangazi, na kwa kawaida huingizwa kwenye bili yako. Upepo ukiwa mkali boti hazishushwi, kisiwa kinarukwa, na kinachorudishwa ni ada za bandari tu.

Kusadasi ni nyepesi. Gati liko mjini, na magofu ya Efeso yako kilomita 20 hivi. Uliza tu kabla ya kulipia ziara kama ina kituo cha duka la mazulia au ngozi, kwa sababu mara nyingi ipo, na hula saa nzima.

Saa pia hubadilika. Kiangazi, Hispania, Ufaransa na Italia ziko saa moja nyuma ya Afrika Mashariki. Ugiriki na Uturuki ziko sawa na nyumbani. Simu hujibadilisha yenyewe, meli hubadilika pale nahodha anapotangaza. Saa ya kufuatwa ni ya meli, na saa ya mkononi isiyo na intaneti ndiyo rafiki. Uliyenunua ziara ya meli, basi likichelewa meli husubiri au kampuni inagharimia kukufikisha bandari inayofuata. Uliyekwenda kivyako utaachwa kwenye mataa. Asubuhi piga picha ya ukurasa wa ratiba ya siku wenye simu ya wakala wa bandari. Meli ikikuacha, maofisa huweza kukuachia pasipoti kwake. Nauli ya kuifuata meli ni yako, na ukiwa na viza ya Schengen pekee huku meli imeelekea Uturuki, kituo chako kinachofuata huenda ni uwanja wa ndege wa kurudi nyumbani.

Usiku wa mwisho mabegi makubwa hutolewa nje ya mlango kabla ya saa ya usiku iliyotangazwa, yakiwa na lebo za rangi. Kabla ya kufunga zipu, toa nguo na viatu vya kesho. Kila safari hukosi mtu anayeshuka na gauni la kulalia ndani ya koti. Bili hupatikana usiku huo kwenye televisheni au programu ya meli. Ipitie wakati huo huo, si asubuhi, maana saa 1 asubuhi foleni ya mapokezi huzunguka ukumbi. Makosa ya kawaida ni picha ambazo hukuzinunua, vinywaji vya friji ya chumbani, na kifurushi kilichotozwa mara mbili. Vyumba huachwa kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi. Anayeruka kutoka Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, asikate tiketi ya ndege ya kabla ya saa 7 mchana: kushuka, kupata mabegi, na gari la saa moja kutoka Civitavecchia vinakula asubuhi yote. Risiti ya mwisho itunze hadi benki iiachie pesa iliyoshikiliwa. Ikipita wiki mbili bado imezuiwa, ipeleke benki, kwa kuwa kwa upande wa meli akaunti yako ilishafungwa siku ile uliposhuka.